Video ya Pili

Mahres, 14 Novemba 2022

Mwanangu Wajdi,

Salamu zangu zikufike huko gerezani, na kama kuna askari anayezisoma kabla yako, basi na yeye zimfikie. Ni mimi, Dalenda, jirani yenu wa ukuta mmoja, yule aliyekufundisha darasa la nne na kukuvuta masikio kwa sababu ya hesabu za kugawanya. Zile dakika kumi za simu unazopewa kila Jumanne mama yako humwishia kwa kulia, kwa hiyo ameniomba niandike. Ukijibu, nitamsomea.

Siku tuliposikia kwamba mahakama ya huko Sicily imekufunga miaka tisa kwa kuendesha boti na kusababisha vifo vya watu watatu, mama yako Mbarka alikuja akakaa kizingitini kwangu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nikamwita Hikma, binti wa kaka yangu, ambaye mambo ya mtandao anayajua. Akanikalisha mbele ya simu yake, nikaeleza. Nilisema wewe ni fundi wa mashine za boti, uliondoka kutafuta pesa za kumtibu mama yako macho kabla hajapofuka. Nilisema ulikuwa abiria tu, umebanwa katikati ya watu, na kosa umebandikwa kwa sababu ilibidi apatikane wa kufungwa. Nikalia. Sikupanga kulia. Hikma akatia mlio wa filimbi nyuma ya maneno yangu, akaituma.

Imetazamwa na watu laki nne, Wajdi. Watu wa Sfax, wa Tunis, wa Ufaransa. Jumamosi vijana walijaa mbele ya jengo la manispaa wakitaja jina lako, vijana ambao hata kupiga kura hawajawahi. Mgombea mmoja wa ubunge ameahidi kulipeleka jambo lako Bungeni. Na la maana kuliko yote, kuna wakili huko Sicily, Bi Loredana, aliiona akatupigia: atakukatia rufaa bila malipo.

Namshukuru Mungu kwa kila aliyebonyeza kwa kidole chake. Vumilia kidogo.

Mwalimu wako,
Dalenda Zwari


Sicily, 9 Desemba 2022

Mwalimu Dalenda,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa sababu sikujua kama nitaweza kukaa. Ahsante. Ahsante kwa kumpa mama kizingiti chako. Ahsante kwa wakili pia. Amekuja mara mbili, anavaa miwani ya kijani na hazungumzi upuuzi.

Hapa nimepewa kazi jikoni. Namenya viazi na wazee wawili wa Kisicilia wanaonifundisha matusi ya kwao. Sina njaa, sina baridi, mwambie mama.

Ila Mwalimu, hayo macho ya mama umeyatoa wapi? Mama anaona sindano iliyoanguka uani kwa jirani. Nimecheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu kuna Mtunisia humu ambaye mkewe alimsimulia video hiyo kwenye simu, na sasa kila asubuhi ananiuliza mama yangu kipofu anaendeleaje.

Na jambo jingine. Hao vijana wanaotaja jina langu ni vijana wazuri, wape salamu. Lakini wale watatu waliokufa, kuna mtu anawataja? Mimi mwenyewe majina yao siyajui, wala sijui ni nani wa kuulizwa. Basi tu, naandika.

Wako katika utii,
Wajdi


Mahres, 6 Machi 2023

Mwanangu Wajdi,

Nimechelewa kukuandikia na sababu si ugonjwa.

Yule mgombea alishindwa. Kabla ya kushindwa alikuwa ameshachapisha picha yako kwenye mabango, uso wako kulia na wake kushoto, na wake mkubwa zaidi. Vijana walitengeneza fulana zenye sura yako. Mimi nilijiona nimefanya jambo kubwa, nikawa natembea sokoni kama bibi harusi.

Halafu wiki iliyopita yakaanza mambo mengine mtandaoni. Video nyingine, nazo za machozi: mama analia kwamba mwanawe hana kazi kwa sababu ya watu weusi waliokuja kutoka kusini ya jangwa, baba analia kwamba mji umechukuliwa. Nazo zilikuwa na mlio wa filimbi. Jumanne mchana vijana wakaenda kwenye nyumba iliyo nyuma ya kinu cha zeituni, walikopanga watu wa Ivory Coast, wakawatoa nje na magodoro yao. Nilikuwa natoka kununua unga. Wawili kati ya wale vijana walivaa fulana zako, Wajdi. Uso wako ulikuwa kifuani mwao huku wakirusha sufuria za watu barabarani. Mmoja nilimfundisha kusoma. Aliniona, akanisalimu kwa adabu, "Habari za mchana, Mwalimu," kisha akaendelea.

Mimi sikusema kitu. Nilishika unga wangu nikaenda nyumbani.

Tangu siku hiyo najiuliza tumewafundisha nini watu hawa kwa machozi yangu. Na Bi Loredana ameniandikia. Anasema mwendesha mashtaka ana picha zilizopigwa kutoka angani, na kwenye picha hizo wewe ndiye uliyeko nyuma kwenye mashine. Anasema akikuuliza unatazama meza. Kuna jambo, mwanangu? Niambie hata kama litanivunja.

Dalenda


Sicily, 2 Aprili 2023

Mwalimu,

Barua hii isome peke yako.

Ni kweli, niliendesha. Mwenye boti alikuja gereji nilipokuwa nafungua kabureta, akaniambia, "Wewe fundi unajua mashine kuliko watu wangu. Shika usukani, safari yako haina malipo." Nikakubali hata kabla sijanawa mikono. Hakuna aliyenilazimisha. Sikuwa naenda kumtibu mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nimechoka kutengeneza mashine za kuwapeleka wenzangu nami nikibaki nchi kavu. Ndiyo sababu yote, hakuna nyingine.

Tulikuwa watu thelathini na wanane kwenye boti ya bati ambayo hata mbwa usingempandisha. Nusu Watunisia, nusu watu wa Ivory Coast. Siku ya kwanza bahari ilitulia. Siku ya pili asubuhi bati lilipasuka kwenye kiungio na maji yakaanza kuingia. Maji ya kunywa yalikuwa chupa mbili. Watu wakaanza kunyang'anyana. Kulikuwa na mwanamke mmoja wa Ivory Coast, ana sauti ya mwalimu kama wewe, akanipa chupa yake akasema kwa Kifaransa, "Wewe ndiye nahodha, gawa." Nikagawa kwa kifuniko cha chupa, kifuniko kimoja kwa kila mtu, Mwarabu na mweusi sawasawa. Aliyelalamika nilimwambia ashuke atembee. Wakacheka, Mwalimu. Katikati ya yote yale watu walicheka.

Adhuhuri tukaona meli kubwa ya mizigo kwa mbali. Sasa lisikilize hili, maana ndilo linalonifanya nitazame meza. Mimi niliielekeza boti kwenye ile meli. Kila mtu alinisihi, lakini mkono ulikuwa wangu. Tulipoikaribia, wote wakasimama upande mmoja kupunga nguo. Nikapiga kelele wakae. Hakuna aliyekaa. Boti ikapinduka. Niliwavuta niliowaweza. Watatu sikuwaweza. Mmoja alinishika kifundo cha mguu, kisha akaniachia.

Mahakamani nilisema nilikuwa abiria, kwa sababu niliogopa. Halafu wewe ukaja ukasema maneno yaleyale kwa machozi ya kweli, nami nikaona heri ninyamaze, maana ulikuwa umenipa heshima ambayo sikuwahi kuwa nayo.

Ukiwaambia watu ukweli, wataondoka. Usipowaambia, huyo wanayemvaa kifuani si mimi. Fanya unavyoona. Sitakulaumu kwa lolote, na shukrani zangu kwako hazipungui.

Wajdi


Mahres, 28 Aprili 2023

Wajdi,

Nimeisoma peke yangu, mara tatu. Nilikukasirikia siku nzima. Jioni nikakumbuka kwamba macho ya Mbarka niliyapofusha mimi, si wewe, na hasira ikakosa pa kukaa.

Kisha nikaenda kwa mama yako. Najua ulinikataza, lakini habari hii si yangu kuificha. Alikuwa anakanda unga wa mkate.

"Mbarka," nikamwambia, "Wajdi ndiye aliyeendesha ile boti."

"Najua," akasema, na mikono haikusimama.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Wajdi apande kitu chenye mashine amwache mtu mwingine aiguse? Ungelazimika kumfunga kamba."

"Na kwa nini umeninyamazia miezi yote hii?"

"Ulikuwa unalia vizuri, Mwalimu. Watu walikuwa wanakuja. Niliogopa nikikusahihisha watarudi makwao."

Tulitazamana, halafu tukacheka hadi Hikma akaja kuchungulia. Ndivyo tulivyokuwa, mwanangu: wewe unanificha, mama yako ananificha, nami nawaficha watu laki nne.

Nilirekodi video ya pili siku iliyofuata. Hikma alitaka kutia muziki, nikakataa. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikasema: Nilidanganya juu ya macho ya Mbarka. Wajdi alikuwa ameshika usukani, kwa hiari yake. Kulikuwa na watu wa Ivory Coast ndani ya boti ile, na aligawa maji kwa kifuniko cha chupa, sawa kwa wote. Walikufa watatu na hatujui majina yao. Kisha nikasema kuhusu nyumba iliyo nyuma ya kinu, na kwamba nilipita na unga wangu nikanyamaza. Dakika kumi na moja. Sikulia.

Imetazamwa na watu elfu mbili na mia tatu. Sitakuficha maoni yao: wengine wameniita mzee aliyechanganyikiwa, wengine wamesema nimelipwa na Wazungu. Yule aliyeshindwa ubunge amefuta picha yako kwenye ukurasa wake. Fulana zimegeuka matambara ya kufutia pikipiki.

Jumamosi nilikwenda manispaa nikitarajia kukaa na Mbarka na Hikma tu. Tulikuwa kumi na tisa. Wengi ni akina mama ambao watoto wao waliondoka na hawajulikani walipo. Mmoja, anaitwa Zakia, alikuja na kiti chake cha plastiki. Nikamuuliza kwa nini hakuja ile miezi ya fulana. Akasema, "Wakati ule nilikuwa naogopa kusema mwanangu naye aliendesha." Na yule kijana niliyemfundisha kusoma alikuja pia. Alisimama mbali. Jumamosi iliyofuata akasogea.

Mweleze Bi Loredana yote uliyonieleza. Yote.

Dalenda


Marseille, 11 Juni 2023

Bibi Dalenda,

Hunijui. Ninaitwa Afue Konan, naishi kwa binamu yangu hapa Marseille, nasafisha vyumba vya hoteli. Video yako ya kwanza niliiona mwaka jana. Niliipita kwa kidole. Nilidhani ni habari ya mvulana mwingine, kwa sababu yule wa kwenye boti yetu hakuwa abiria.

Ya pili nilitumiwa na rafiki. Nilisikiliza hadi uliposema kifuniko cha chupa, nikaketi chini sakafuni mwa hoteli na ufagio mkononi. Chupa ile ilikuwa yangu.

Nimesita wiki sita kukuandikia, na nitakwambia kwa nini. Wewe ni wa mji uliowatupia watu wetu sufuria barabarani, na ulipita ukanyamaza, umesema mwenyewe. Niliuliza moyo wangu, je, nina deni lolote kwa mji huo? Jibu ni hapana. Lakini kuna jambo la kijana huyo linalonikaba, na halihusu mji wako.

Amehukumiwa kwa vifo vilivyotokana na kuielekeza boti kwenye meli. Mimi ndiye niliyemwambia afanye hivyo. Alikuwa amekataa mara mbili. Alisema watu watasimama, itapinduka. Mimi nikamwonyesha maji, yalikuwa yamefika magotini, nikamwambia kwa ukali kwamba tukibaki hapa tunakufa wote na yeye ndiye atakayejibu. Ndipo akageuza. Miaka hii yote nimekuwa nikidhani hakuna anayelijua hilo ila Mungu.

Niambie mahakama iko wapi na siku gani. Nitaomba ruhusa kazini.

Afue Konan


Mahres, 25 Juni 2023

Bibi Afue,

Ndiyo, huo ni mji wangu. Ndiyo, niliona na nilinyamaza, na hakuna neno la kuongeza hapo ambalo halitakuwa la kujitetea.

Naweza kukwambia tu yaliyofuata. Watu watano kati ya wale waliotolewa nyuma ya kinu wamerudi Mahres. Wawili wanaishi kwangu, katika chumba cha marehemu mume wangu, wanaume watu wazima wanaonisahihisha Kifaransa changu mezani. Si fidia. Ni chumba tu.

Namba ya wakili Loredana nimeiandika nyuma ya karatasi hii; atakwambia mahakama iko wapi. Rufaa itasikilizwa tarehe tano Desemba.

Sijui jinsi ya kukushukuru kwa lugha yoyote ninayoijua, nami nimefundisha mbili kwa miaka thelathini na nne. Mama yake Wajdi alipoambiwa habari zako aliuliza jambo moja: "Huyo mwanamke, alifika salama?" Nikamwambia amefika. Akasema, "Basi mmoja wetu amefika." Nimeona nikupe maneno yake badala ya yangu.

Dalenda Zwari


Sicily, 8 Desemba 2023

Mwalimu, na mama, kwa maana najua unasikiliza,

Bi Loredana amekwisha kuwapigia, kwa hiyo mnajua hukumu. Wamenifutia vifo vya wale watatu. Kosa la kuendesha limebaki, na ni haki libaki, kwa sababu niliendesha. Miaka miwili na miezi minne, na mingi kati ya hiyo nimeshaimaliza. Mwisho wa Januari natoka, na baada ya hapo watanirudisha nyumbani.

Nataka niwaeleze ambayo wakili hakuwaeleza.

Afue aliingia na koti jekundu. Mimi sikumtambua mara moja. Ndani ya boti ile alikuwa amekauka midomo. Alipoanza kusema nikaitambua sauti. Jaji alimuuliza kwa nini amesafiri kote huko kwa ajili ya mtu asiye ndugu yake wala wa nchi yake. Akajibu, "Kwa sababu mnamhukumu kwa uamuzi wangu." Akaeleza kila kitu: maji, meli, jinsi nilivyokataa mara mbili. Mwalimu, mimi nilikuwa nimesahau kwamba nilikataa. Naapa nilikuwa nimesahau. Katika kichwa changu, kwa miaka miwili, niligeuza boti ile bila hata kufikiri. Mtu mwingine ndiye aliyenitunzia kumbukumbu hiyo.

Walituruhusu dakika chache baadaye. Nilimwambia kwamba hakunilazimisha, mkono ulikuwa wangu. Akasema sauti ilikuwa yake. Tukabishana hivyo hadi askari akatutazama kama wendawazimu. Kisha akanipa majina. Alikuwa ameyatafuta mwenyewe, kwa jamaa zao, mwaka mzima. Sahbi wa Kasserine. Yao Ngesan na dada yake Akisi, wa Bouaké huko Ivory Coast. Aliyenishika mguu ni Yao. Sasa ninapoomba, nina wa kuwataja.

Ahsante, Mwalimu. Kwa video ya kwanza, maana ndiyo iliyomleta wakili. Kwa ya pili zaidi. Ungeiacha ile ya kwanza peke yake, ningekaa hapa miaka yote tisa, nimependwa na watu laki nne.

Ombi langu ni moja. Siku nitakayofika, asiwepo mtu na simu mkononi. Nataka nimwone mama kwa macho yangu tu.

Wajdi


Mahres, 2 Januari 2024

Mwanangu,

Nasema mimi, Mbarka, na Mwalimu anaandika. Nimemkataza kuongeza lake.

Simu hakuna. Hikma ameapa. Nitakuwa mimi mlangoni, na nitavaa ile nguo ya buluu ili usinipite.

Chumba chako nimekipaka chokaa. Gereji wamesema kazi ipo ukiitaka, usipoitaka pia sawa. Sitakuuliza mambo ya baharini. Utaniambia ukitaka, na ukinyamaza nitakupa chakula.

Wale wageni wa Mwalimu wamenisaidia kubeba gunia la unga. Nimewaambia majina ya Yao na Akisi. Mmoja anaujua mtaa wao huko Bouaké. Akayatamka taratibu ili niyashike vizuri, nami nimeyashika.

Jumamosi tulikuwa ishirini na sita mbele ya manispaa. Kulikuwa na upepo, picha za watoto zilikuwa zinataka kuruka, tukazikalia pembe. Afisa mmoja ametoka safari hii, ameandika majina yote ya waliopotea, amesema atayapeleka Tunis. Labda atayapeleka, labda hatayapeleka, lakini ameyaandika, na kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na kalamu.

Zakia akaniuliza, "Wako anarudi, Mbarka. Sisi utatuacha lini?" Aliuliza kwa utani, lakini hakuwa ananitazama.

Nikamwambia asogeze kiti chake kidogo, maana kuanzia Februari tutakuja wawili.

Mama yako,
Mbarka